Mistari kwenye kombora la Mahiwa si ramani ya dhahabu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shamba la marehemu babu yetu liko Nyangao, mkoani Lindi. Tulipokuwa tunachimba shimo la choo tulikuta maganda mengi ya risasi na kitu cha chuma, kizito, chenye umbo la chupa, urefu kama futi moja, kimezungushiwa mkanda wa shaba wenye mistari mingi ya mshazari. Amekuja mtaalamu kutoka mjini na mashine yake. Anasema hicho ni chombo kilichofungwa na Wajerumani, ndani kuna zebaki, na ile mistari inaonyesha walipozika dhahabu na rupia walipokuwa wanakimbia baada ya kushindwa Mahiwa. Jirani na hapo kuna jiwe lenye alama ya msalaba, naye anasema ndipo pa kuchimba. Anataka milioni moja na nusu ya maandalizi, na tumeshampa laki nne. Chombo tumekiweka stoo. Je, ni kweli Mahiwa ndipo Mjerumani aliposhindwa? Na hiyo mistari inasomwaje?

JIBU: Marahaba. Kwanza watoeni watu wote kwenye nyumba yenye hiyo stoo, mfunge mlango, halafu ndipo muendelee kusoma. Mlichokihifadhi ni kombora la mzinga.

Mistari inasomwa hivi. Ndani ya mtutu wa mzinga kuna mikondo iliyojipinda kutoka mwanzo hadi mwisho. Shaba ni laini kuliko chuma, kwa hiyo mzinga unapofyatuliwa, ule mkanda unajikaza kwenye mikondo na kuchanika kwa kufuata mpindo wake, na kombora linatoka likizunguka, ndiyo maana halipindukipinduki hewani. Kombora ambalo halijawahi kufyatuliwa huwa na mkanda usio na mchubuko. La kwenu lina mistari ya mshazari pande zote. Maana yake lilifyatuliwa, likaanguka, na kwa jinsi mnavyolieleza, zima na lenye umbo lake, halikulipuka. Kiwashio chake kimekaa kikila kutu tangu 1917. Huyo bwana anayewaambia mlifungue mpate zebaki anawaambia mkate bomu kwa msumeno.

Msilisogeze tena, msilisugue, msilimwagie kitu, msimruhusu mtu alipige picha kwa karibu. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji na polisi leo hii. Wanaoruhusiwa kuliondoa ni wataalamu wa mabomu wa jeshi, na hawatozi hela.

Sasa Mahiwa. Barua kama yenu nazipata mara kwa mara, kutoka Tanga, kutoka Mahenge, kutoka Tabora, na zote zina hadithi ileile: Wajerumani walishindwa, wakakimbia, wakazika mali. Kwenu hadithi hiyo inaanguka tangu neno la kwanza, kwa sababu Mahiwa Wajerumani hawakushindwa. Walishinda, na ushindi ule ndio uliowamaliza.

Mapigano hayo ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia yalianza 15 Oktoba 1917 na kudumu siku nne, kati ya Nyangao na Mahiwa, kando ya mto Lukuledi. Waingereza walikuja na askari karibu 5,000: Wanigeria, King's African Rifles (jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), Wahindi, na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers kutoka Uingereza. Jenerali Wahle wa upande wa Wajerumani alikuwa tayari pale, kisha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani hapa Afrika Mashariki, akamwongezea nguvu, wote pamoja wakawa kama 1,500, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Wanigeria walizingirwa wakachimba mahandaki. Wenzao waliokuja kuwaokoa kutoka upande wa Lindi waliongozwa na Jenerali Beves, na Lettow alikuwa anamfahamu tangu vita vya Reata, karibu na Kilimanjaro, Machi 1916: ni kamanda wa kushambulia uso kwa uso. Akamsubiri palepale mbele, akahamishia nguvu upande huo, na Beves akafanya kama alivyotarajiwa. Waingereza waliouawa na kujeruhiwa walipita 2,500. Hakuna pigano la vita vile katika Afrika Mashariki lililomwaga damu kiasi hicho.

Lettow naye alipoteza zaidi ya watu 500, yaani theluthi ya jeshi lililokuwapo. Waingereza wangeletewa wengine kwa meli hadi Lindi. Yeye hakuwa na pa kuletewa. Na kilichomuumiza kuliko hata hesabu ya watu ni risasi. Risasi za kisasa, zile zisizotoa moshi, zilikaribia kwisha Mahiwa. Zilizobaki kwa wingi zilikuwa za bunduki za muundo wa 1871, zenye baruti nyeusi, ambazo kila ukifyatua zinatoa wingu jeupe linalomwonyesha adui mahali ulipolala. Ndiyo sababu mshindi wa Mahiwa aliondoka uwanjani, akaanza kurudi kusini. Wanaosimulia kwamba alikimbia kwa kipigo wameona mwelekeo tu, hawakuuliza sababu.

Hayo mnaweza kuyaona kwenye maganda mliyookota, maana maganda matupu, yaliyokwisha kufyatuliwa, hayana madhara. Geuzeni kitako. Ganda la Kiingereza, .303, lina ukingo uliotokeza kuzunguka kitako. La Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.92 halina ukingo huo. Lina mfuo uliochimbwa juu kidogo ya kitako. La bunduki ya 1871 ni nene, upana wa kama kidole, nalo lina ukingo. Andikeni mliokota lipi wapi. Lenye risasi bado mdomoni msiliguse.

Turudi kwenye dhahabu, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia. Chanzo cha uvumi kinajulikana. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza kweli sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli mjini Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka kama 16,000. Lakini zilitengenezwa kwa sababu nchi ilikuwa imezingirwa baharini na fedha zimekwisha. Karakana hiyohiyo ilikuwa inapiga sarafu za senti kwa shaba ya maganda ya mizinga, na noti zilichapwa hapahapa nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Serikali yenye hazina ya kuzika haikati maganda ya mizinga ili ipate chenji. Na Tabora ilitekwa na Wabelgiji 19 Septemba 1916, mwaka mzima kabla ya Mahiwa, nusu ya nchi mbali na shamba lenu.

Fikirini pia mzigo ulivyosafiri. Ng'ombe, punda na farasi waliuawa na ndorobo, kwa hiyo kila kilo ilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 25 hadi 30. Kila sanduku la dhahabu lingekuwa sanduku moja pungufu la risasi, au siku kadhaa bila unga kwa kundi zima. Jeshi hili lilikuwa limeburuta porini mizinga ya meli ya Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, kisha likailipua mmoja baada ya mwingine ilipokosa makombora. Novemba 1917, huko Chiwata na Nambindinga, Lettow aliacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi wake mwenyewe, Wazungu na askari, kwa kuwa hakuwa na chakula wala dawa ya malaria ya kuwatosha. Mwezi huohuo Ujerumani ilirusha kutoka Jambol, Bulgaria, chombo cha angani L 59, kikubwa kama meli, kilichojazwa gesi, kimlete tani 15 za msaada kwenye nyanda za juu za Makonde. Kilibeba risasi, dawa na bandeji. Kiliamriwa kugeuza kikiwa juu ya Sudan, 23 Novemba. Siku mbili baadaye Lettow alivuka Ruvuma na watu kama 2,000 wa kupigana, akavamia kambi ya Wareno Negomano siku hiyohiyo, na mali aliyoifurahia kule ilikuwa bunduki na risasi. Askari wake walizitupa za 1871 wakachukua za Wareno.

Huko ndiko vita vya hapa vilikogeukia. Baada ya Mahiwa, Lettow hakutafuta tena pigano kubwa la kushikilia ardhi. Alipigana ili apate chakula na risasi za wiki inayofuata, Msumbiji, kisha Rhodesia ya Kaskazini, hadi alipokabidhi silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Jiwe lenye msalaba ndilo linaloniogopesha kuliko yote baada ya lile kombora. Katika uwanja wa siku nne za mapigano, msalaba ni wa kaburi kabla haujawa wa kitu kingine. Na hata pasipo msalaba, sehemu kubwa ya waliokufa kusini hawana jiwe. Kumbukumbu za Waingereza zenyewe zinataja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa wakiwatumikia katika vita hivi, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na wa upande wa Wajerumani hakuna aliyewahesabu vizuri. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Baadhi yao wako kwenye mashamba ya Lindi. Watu wanaochimba usiku kwa maelekezo ya mashine hukuta mifupa, wakaitupa kando, wakaendelea kuchimba, kwa sababu wameambiwa mifupa ni ya mlinzi wa hazina. Ni mifupa ya Mnyamwezi, au Mngoni, au kijana wa Kano aliyeletwa kwa meli kutoka Nigeria, na huenda ni ya babu wa mchimbaji mwenyewe.

Hizo mashine nazo: kifaa cha kugundua metali hulia kikikuta metali. Katika ardhi ya Mahiwa kitalia kila hatua chache, kwa vipande vya makombora, maganda, visahani, misumari ya masanduku. Tapeli halazimiki hata kudanganya kwa mkono. Anaiachia ardhi imfanyie kazi, na kila mlio unamletea laki nyingine. Anayewauzia rupia "yenye nguvu" ni ndugu yake huyu. Rupia ya Mjerumani ni sarafu ya fedha ya gramu 11.66, inauzwa kwa wakusanyaji wa sarafu kama sarafu nyingine za zamani, na haina kitu ndani. Zebaki ya makombora haipo. Hakuna kombora la vita hivi, la Mwingereza wala la Mjerumani, lililobeba zebaki ya kuchotwa na kuuzwa. Lina baruti, na vya kuiwashia.

Laki nne mlizotoa zitajeni polisi mnapokwenda kuripoti kombora, pamoja na namba ya simu aliyotumia kupokea. Shimo la choo lihamisheni. Pale mlipokuta moja panaweza kuwa na mengine, kwa kuwa mizinga ilipiga eneo lilelile kwa siku kadhaa. Wataalamu wa jeshi wakija, waombeni wapime shamba zima, hasa upande mnaolima. Jiwe liacheni lilipo. Likipigwa picha kwa mbali na kuonyesha limeelekea wapi, nitumieni pamoja na picha za vitako vya yale maganda matupu, niwaambie ni kikosi gani kilikuwa upande wenu wa mto.