Barua zenu: mbwa wawili, baridi ya Njombe na nyumba iliyokuwa kimya

Wiki hii nimeweka pembeni barua za mapenzi na za mikopo, maana nina barua tatu zilizoingia misimu tofauti ya mwaka kutoka sehemu tatu tofauti kabisa, kila moja na jibu nililoliandika wakati wake, na zote zinaongelea mbwa na hali ya hewa. Nimezisoma tena nikiwa kibarazani huku Kibosho, mbwa wangu Bosco kalala juu ya miguu yangu, kwa hiyo mnivumilie kama nimeandika kwa kirefu.

Barua ya kwanza

Anti habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Njombe, nimestaafu ualimu mwaka jana. Mzee wangu alishafariki, na mtoto wa mwisho kaenda chuo Dodoma kaniachia mbwa wake wawili, Simba na Pendo. Mi sikuwahi kuwa na mazoea na mbwa, kwetu mbwa alikuwa wa kulinda tu, mchana anafungwa usiku anafunguliwa. Sasa huu mwezi wa saba baridi ni kali mno, ukungu unakaa mpaka saa nne, nashinda jikoni nimefunga mlango na jiko la mkaa, na siku zote naona ni ileile. Cha ajabu nimejikuta naongea na hawa mbwa, nawauliza leo tupike nini, juzi jirani kanisikia nikaona aibu sana. Je ndo nimeanza kuchanganyikiwa? Na nifanyeje ili nyumba irudi kuwa na raha? – Mama wa Mbwa Wawili, Njombe

*Jibu:*

Dada yangu, shikamoo kwanza, kwa umri ulioutaja wewe ni mkubwa wangu.

Hujachanganyikiwa hata kidogo. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana machoni, homoni inayoitwa oksitosini inapanda kwa wote wawili, na hiyo ndo homoni ileile inayomfunga mama na mtoto wake mchanga. Kwa hiyo ukimuuliza Simba mnapika nini na yeye anakukazia macho huku kainamisha kichwa upande, kuna kitu cha kweli kinapita kati yenu. Ongea nao dada, ongea kwa sauti, na jirani akikusikia mkaribishe chai.

Kabla sijaenda mbali, hilo jiko la mkaa limenishtua. Fungua dirisha hata kidogo wakati linawaka, na usije ukalala nalo ndani hata siku moja, hewa yake haina harufu na inaua watu waliolala, na mbwa pia. Usiku likishakuandalia maji ya moto litoe nje kabisa, jifunike blanketi mbili na sweta.

Sasa tuje kwenye hizi siku ulizosema ni zilezile. Nikwambie kilichonipata mimi mwaka nilioondokewa na mama. Bosco alikuwa mbwa wake, sio wangu, mi nilirudi nyumbani kwa ajili ya msiba nikabaki. Kila siku ikifika saa kumi na moja jioni Bosco anasimama getini, anageuka kuniangalia, anaangalia njia, ananiangalia tena. Nilimfukuza wiki nzima. Alafu siku moja nikakumbuka kwamba hiyo ndo saa mama alikuwa anaenda kukata majani ya ng'ombe, na huyu mbwa alikuwa anamsindikiza. Nikavaa makubazi yake mama nikatoka. Bosco akanipitisha njia ileile, kwenye mfereji akasimama akanywa maji, kwenye mparachichi wa jirani akanusa chini muda mrefu kama anasoma barua, tukazunguka tukarudi. Siku ya pili hivyohivyo. Mi nimezaliwa kwenye kahawa dada, lakini niliondoka mdogo nikaenda kusoma bweni, alafu kazi mjini, nikawa najua tu kahawa ikiwa nyekundu au ikiwa kwenye gunia. Siku kama kumi hivi baada ya mvua ya kwanza, tunatoka na Bosco, nikakuta shamba zima limechanua, maua meupe yamejipanga kwenye kila tawi yananukia kama asumini mpaka nikasimama. Yale maua yanakaa siku mbili tatu tu yanakuwa ya kahawia yamekwisha. Kama nisingetoka siku ile ningeyakosa, na mwaka wa nyuma yake niliyakosa, na miaka yote kabla ya hapo.

Ndo maana nakwambia chagua saa moja tu ya kutoka na Simba na Pendo. Kwa baridi ya huko asubuhi usijitese, subiri ukungu upande, hata saa tano ni sawa. Lakini iwe saa hiyohiyo kila siku, maana mbwa wanaishika saa kuliko sisi, baada ya wiki mbili wao ndo watakuja kukuita na hutakuwa na pa kujificha. Mtoke nusu saa, mrudi. Wala sio kwa ajili ya mazoezi, ingawa magoti yako yatashukuru.

Na kuna asubuhi moja moja jikaze uchungulie mapema. Hizo siku za mwezi wa sita na wa saba ambazo umande unaganda majani yanakuwa meupe, wafungulie mbwa mlango uangalie. Wakipita kwenye majani wanaacha njia mbili za kijani kwenye ule weupe, zinakutana, zinaachana, zinazunguka kwenye mti, unaona kila walipoenda. Jua likitoka dakika chache tu zimefutika. Hicho kitu hakipo Dar, hakipo Dodoma kwa mwanao, mpigie picha umtumie.

Alafu kuna mwezi wa kumi na moja mvua zikifungua. Waangalie mbwa, utaona wao ndo watajua kwanza, wananyanyua pua, wanakaa mlangoni wanatazama upande mmoja, na wewe bado hujasikia chochote, baadaye ndo inakuja ile harufu ya udongo uliolowa. Usiku wake washa taa ya nje ukae na kikombe cha chai uone kumbikumbi wanavyotoka. Mbwa anaruka anawadaka hewani, meno yanagongana tap! tap! na mabawa yanamganda puani anapiga chafya, anaruka tena. Asubuhi chini ya taa unafagia lundo la mabawa. Mi hiyo siku huwa naingojea kama watoto wanavyongoja Krismasi, nasema kweli. Na kuanzia hapo mpaka mwezi wa nne huko kwenu una mengi, uyoga, ulanzi unaanza kugemwa, na maua ya Kitulo ile wanayoiita Bustani ya Mungu. Hata usipofika Kitulo penyewe, pembezoni mwa njia zako utayakuta ya kwako.

Mvua ina shida zake mbili nizitaje haraka. Radi, mbwa wengi wanaziogopa sana, akitetemeka usimfokee na usimfungie nje, mwache aingie akae karibu na wewe, ongea naye taratibu kama ulivyozoea. Na kupe, wanakuwa wengi kipindi hicho, kila mkirudi mpapase nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole, ukimkuta mng'oe kwa kibanio cha nyusi umvute polepole moja kwa moja. Muulize bwana mifugo dawa ya kupaka. Na chanjo ya kichaa cha mbwa usiipitishe, kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi wanachanja bure au kwa bei ndogo siku za karibu na hapo, ulizia ofisi ya kata.

Kwa baridi hii waondoe kwenye sakafu ya saruji. Gunia limejazwa majani makavu, juu kitambaa kizito, liwekwe sehemu isiyopigwa na upepo. Jioni wapikie ugali wa dona na dagaa, uwe wa vuguvugu, usiweke kitunguu maana kinaharibu damu yao, na mifupa ya kuku iliyopikwa usiwape, inapasuka inakuwa kama sindano. Ukishawapakulia kaa hapohapo mlangoni kwa dakika mbili uwaangalie wanavyokula. Niandikie tena mwezi wa kumi na mbili dada yangu, naomba sana.

Barua ya pili

Anti mimi niko Tanga, kijana wa miaka 31, nina mbwa mmoja anaitwa Jeki nampenda sana. Tatizo majirani zangu karibu wote ni Waislamu na mzee mmoja akipita akimuona Jeki anakunja kanzu yake anavuka upande wa pili, mi naumia naona kama ananichukia. Pia hili joto la kaskazi Jeki anahema mchana kutwa hatoki, anakaa tu kwenye saruji ya bafuni. Nifanyeje sote tuishi kwa raha? – Kijana wa Tanga

*Jibu:*

Mdogo wangu, huyo mzee hakuchukii, na nadhani hata Jeki hamchukii. Pwani yetu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi, nguo ikiguswa inaoshwa mara saba na mara moja iwe na udongo. Sasa mzee anaenda msikitini na kanzu imepigwa pasi, Jeki akimrukia kwa furaha tu ibada yake imeharibika, lazima arudi nyumbani. Anakunja kanzu kulinda sala yake. Mbwa wa kulinda na wa kuwinda wanakubalika tangu zamani, na kwenye Suratul Kahf kuna mbwa aliyelala na wale vijana wa pangoni, kanyoosha miguu yake kizingitini, anatajwa pamoja nao kwa heshima.

Kwa hiyo wewe ndo utangulie. Mfunge kamba kila mnapotoka, jua saa za sala, na adhana ikishaadhiniwa usiwe kwenye njia ya msikiti. Ukikutana na mzee mvute Jeki upande wako wewe kabla yeye hajavuka, umwamkie shikamoo babu kwa sauti. Fanya hivyo mwezi mmoja. Mi nilikaa Pangani miaka miwili na hivi ndo tulivyoishi na majirani zangu, mpaka ikawa mzee wa nyumba ya pili akikuta mbwa wangu kafunguka anasimama mbali kabisa ananipigia kelele "mwanao huyo yuko njiani!"

Joto nalo, elewa kwamba mbwa hana jasho kama letu, anajipoza kwa kuhema, na jasho kidogo kwenye nyayo. Kwa hiyo bafuni kachagua vizuri muache. Maji yawe mengi na yawe kivulini. Matembezi yawe alfajiri au usiku, na kabla hujamtoa mchana weka mgongo wa mkono wako kwenye lami, ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde tano basi na nyayo zake zitaungua. Ukiona anahema sana, mate mazito, anayumba, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni umkimbize kwa daktari wa mifugo. Kusi ikianza kuvuma baada ya masika mpeleke ufukweni asubuhi maji yakiwa yametoka, mchanga umekaza na una alama za kaa kila mahali. Jeki atafukua kila shimo na hatamkamata hata mmoja, na kesho atataka kurudi.

Barua ya tatu

Shikamoo anti. Mimi ni wa Bukoba ila naishi Winnipeg, Kanada, huu ni mwaka wangu wa pili. Nimechukua mbwa kutoka kituo cha mbwa waliotelekezwa ili nisiwe peke yangu. Sasa winta imeanza, saa kumi na moja jioni ni giza tupu, nikitoka naye anainua mguu mmoja mmoja analia. Nimemkumbuka mama na nyumbani mpaka nimechoka. – Binti wa Bukoba

*Jibu:*

Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza hiyo miguu, ni baridi na ni chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, inachoma nyayo na inaingia kwenye nyufa. Mkirudi mlowekee miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, mkaushe vizuri hadi katikati ya vidole, na kabla hamjatoka mpake mafuta mazito ya mgando, au mnunulie vile viatu vya mbwa kama atakubali. Siku zinazoshuka chini ya nyuzi 20 hasi matembezi yasizidi dakika chache, na yale maji ya kuzuia injini ya gari isigande ni sumu na yana utamu, usimwache alambe chochote kwenye maegesho.

La mama sasa. Huu mwezi wa kumi na moja Bukoba senene wameshuka, na mama yako jioni yuko uani anawanyonyoa mabawa na miguu kwenye ungo. Saa kumi jioni ya kwake ni saa moja asubuhi ya kwako, ndo unamtoa mbwa. Mpigie video hapohapo nje usingoje kurudi ndani, yeye aweke simu karibu na ungo uone mikono yake, na wewe mgeuzie kamera aone huyo mbwa anavyoingiza pua kwenye theluji anatoka nayo nyeupe mpaka machoni. Mama atakuuliza huyo mtoto amekula nini leo. Mjibu, na kesho mpigie tena saa hiyohiyo.