Wadogo zangu mnaotaka kusomea misitu

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa hapa Mbagala hunifuata kuniuliza habari za kozi ya misitu. Wengi hudhani ni kupanda miche na kuvaa magwanda. Nami niliingia chuoni na mawazo hayohayo, mtoto wa mjini niliyeijua miembe, minazi na mwarobaini wa uani, basi.

Jiandaeni kupima. Kipenyo cha mti husomwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Ukizungusha futikamba ukapata sentimita 94, gawa kwa 3.14: kipenyo ni kama sentimita 30. Siku yetu ya kwanza mlimani nilisimama upande wa bondeni nikapimia hapo, kumbe kwenye mteremko unatakiwa usimame upande wa juu. Nikawa nasoma shina chini mno, palipo panene. Vipenyo vikazidi, na ujazo wa mbao ukazidi maradufu ya hapo, kwa kuwa kwenye hesabu kipenyo hujizidisha chenyewe. Mwalimu akaturudisha. Tukaanza upya miti yote ya eneo letu la kupimia, duara la nusu kipenyo cha mita 15, jua linazama. Alikuwa na haki: namba hizo ndizo anazoshika mpanga uvunaji anapoamua ikatwe miti mingapi.

Msikimbie hesabu, tafadhali.

Halafu kuna watu, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake, kwa hiyo utakaa sana na kamati za vijiji. Amkia, keti, sikiliza. Mzee mmoja alinikuta nahangaika na kitabu cha kutambulia miti. Akachanja gome kwa panga, utomvu mwekundu kama damu ukachuruzika. “Mninga huu, mwanangu.” Kijiji hichohicho nilimsikia mchoma mkaa akieleza kuwa mkaa ndio unaomlipia ada za wanawe. Tangu hapo siwezi kulipita gunia la mkaa hapa mtaani bila kumkumbuka.

Msingoje chuo. Maji yakipwa, nendeni Kunduchi mkaangalie mikoko. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu. Mchu, aina nyingine ya mikoko, umechomoza vijizizi kama penseli kutoka kwenye tope. Vaeni viatu vya kufunga kamba, ndala zitabaki humo.