Shindano la programu la kanda: zisome kanuni ukiwa na kalamu mkononi

Nilishiriki mashindano haya nikiwa mwanafunzi, nikaja kuwa kocha, na sasa huwa naitwa kusimamia timu zinaposhindana mtandaoni. Waraka wa kanuni hutumwa mapema kabisa, na ni wachache mno wanaoufikisha mwisho. Vijana wanakesha na algoridhimu za grafu, halafu wanapitwa na timu iliyotatua idadi ile ile ya maswali, kwa sababu tu wenzao walielewa jinsi dakika zinavyohesabiwa.

Anza na kujua unaingia shindano la aina gani. Ya vyuo vikuu mengi hufuata mtindo wa ICPC, shindano la kimataifa la programu la vyuo vikuu: watu watatu, kompyuta moja, saa tano, na swali ama umelipata lote au hujalipata. Ya sekondari mara nyingi huiga IOI, olimpiadi ya kimataifa ya programu kwa wanafunzi wa sekondari, iliyoanza Bulgaria mwaka 1989. Huko kila mtu yuko peke yake, na swali lina alama 100 zilizogawanywa mafungu, kwa hiyo hata programu ya polepole inakupatia kitu. Ukivuna alama 30 kwa njia ya kujaribu kila uwezekano, kwenye mtindo wa IOI umefanya la maana. Kwenye mtindo wa ICPC njia hiyo hiyo ikizidi muda uliowekwa, umejitafutia adhabu.

Hapo kwenye adhabu ndipo ningependa ukae kidogo. Timu zikilingana maswali, ya mbele ni yenye dakika chache. Kila swali ulilolipata linahesabiwa dakika tangu shindano lilipoanza hadi jibu lako lilipokubaliwa, kisha unaongezewa dakika 20 kwa kila jibu la swali hilo lililokataliwa kabla. Swali ambalo hukulipata kabisa halina adhabu, hata uwe umelikosea mara kumi.

Sasa chukua maswali matatu: moja linahitaji dakika 10 za kazi, la pili 30, la tatu 60. Ukianza na jepesi, yatakubaliwa dakika ya 10, ya 40 na ya 100, jumla 150. Ukianza na gumu, yatakubaliwa dakika ya 60, ya 90 na ya 100, jumla 250. Kazi ni ile ile, mmemaliza wakati ule ule, lakini mmeachwa dakika 100. Ndiyo maana timu zangu hutumia dakika za mwanzo kugawana maswali na kuyasoma yote hadi la mwisho. Maswali hupewa herufi, A, B, C na kuendelea, lakini hayapangwi kwa ugumu, na jepesi kuliko yote linaweza kuwa limejificha kwenye herufi J.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni kijana ambaye jibu lake limekataliwa, anabadilisha alama ya "ndogo kuliko" kuwa "ndogo au sawa" na kutuma tena bila kufikiri, dakika 20 nyingine hizo. Mwondoe kwenye kibodi. Akasome msimbo wake kwenye karatasi huku mwenzake akiandika swali jingine, na aanzie kwenye namba: je, jumla inavuka 2,147,483,647? Ikivuka, namba kamili ya biti 32 haiibebi, na jibu linageuka takataka bila programu kulalamika. Kujaribu bahati kuna wakati wake: dakika za mwisho, kwenye swali ambalo bila hivyo mngelikosa tu.

Tuje kwenye yale ya mtandaoni. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofunga vyuo, mashindano mengi ya kanda yalihamia huko, na kanuni zake zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Waandaaji wengine wanaruhusu kompyuta tatu, wengine wanashikilia moja. Wengine wanataka kamera na kioo cha kompyuta virekodiwe muda wote. Kuna wanaoruhusu maandishi yako ya karatasi tu, kwa kurasa zenye kikomo. Usiulize rafiki aliyeshiriki mwaka jana, fungua waraka wa mwaka huu. Angalia hasa simu, msimbo ulioandikwa kabla, na akili mnemba, hata ile iliyojificha ndani ya kihariri chako ikikumalizia mistari. Izime siku moja kabla, maana asubuhi ya shindano utasahau.

Kunakili nako hakufai hata kwa hesabu za kijanja. Programu kama MOSS ya Chuo Kikuu cha Stanford hulinganisha muundo wa msimbo, kwa hiyo kubadilisha majina ya vigeu hakukusaidii kitu.

Umri, uanafunzi na idadi ya miaka uliyokwisha kushiriki: hayo mwachie kocha ayahakiki, lakini mwulize kama amefanya hivyo. Saa ya kuanza mara nyingi huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, basi igeuze mapema na uiandike ukutani.

Shindano la majaribio msilikose. Hapo ndipo mnagundua kwamba toleo la Python la seva si lenu, au kwamba Java inataka darasa (class) la msimbo lenye jina fulani. Tumeni makusudi programu isiyokusanyika, yaani yenye kosa la uandishi linaloizuia hata kuanza kufanya kazi, muone mfumo unajibu nini, na kama waraka unasema kosa hilo linatozwa adhabu au la.

Swali likiwa na utata, waulizeni waamuzi kwa maneno yanayojibika kwa ndiyo au hapana: "Je, njia inaweza kurudi kwenye nukta ilipoanzia?" Ukiandika "sielewi mfano wa pili", utaambiwa usome swali tena.

Saa ya mwisho ubao wa matokeo kwa kawaida hugandishwa. Majibu yenu bado mnayaona, ya wengine hamyaoni. Acheni kuuangalia.

Na kama kuna lalamiko, rufaa ina muda wake, pengine mfupi sana baada ya kengele. Aandike kocha peke yake, kwa njia iliyotajwa kwenye waraka, akiambatisha namba ya jibu lililotumwa, saa ya seva na picha ya kioo. Mkutano wa waamuzi ukishafunga matokeo, hata ushahidi mzuri huwa umechelewa.