Mwanangu, kuhusu hiyo pati ya Ijumaa

Mwanangu,

Umeniuliza kama kamati yenu ilipe bia kwa bajeti ya kampuni kwa hiyo pati ya Disemba huko ufuo wa Dunga, Kisumu, ama kila mtu ajinunulie. Nimesoma meseji yako mara tatu na kila mara macho yanarudi hapo kwa Ijumaa jioni. Unajua kwetu Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, na jiko limeshazimwa kitambo.

Ulikuwa darasa la tatu, 2003. Pati ya kiwanda ilikuwa Ijumaa vilevile na bosi alikuwa ametangaza asiyekuja si mwenzetu, basi nikaenda. Nyama ilikuwa nguruwe tupu kwa hivyo nikala ugali na kachumbari, nimekaa na soda yangu moto, na mbele ya watu wote bosi akaichukua akaimwaga kwa nyasi, akanishikisha chupa ya bia, akanivuta kiuno eti tucheze. Watu wakacheka. Hata yule mama wa stoo niliyekuwa nasali naye alicheka, na huyo ndiye ananiuma mpaka leo kuliko bosi. Gari la kampuni lilikuwa la saa sita usiku. Nikatafuta bodaboda ya baiskeli mpaka Nyalenda, nikakuta baba yenu amesimama kwa geti na tochi, hakusema kitu, na wewe umelala kwa kiti na viatu vya Sabato miguuni, vimepigwa kiwi, ulikuwa unaningojea tufungue Sabato.

Mimi nasema kila siku, pati ya kazi ni kazi. Wakati huo Sheria ya Ajira ya 2007 haikuwa imekuja. Siku hizi kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu aandike sera ya unyanyasaji wa kingono, na usiniambie hiyo sera inabaki ofisini watu wakienda ufuoni. Pati ya kazi ni kazi.

Lakini pia nisidanganye. Mwaka uliotangulia tulifanya Jumapili mchana, samaki ngege wa kukaanga, watoto wakaja, na ndio mara ya kwanza nilikula meza moja na watu wa uhasibu, na mmoja wao ndiye alikuja kunifundisha kompyuta. Kwa hivyo sisemi msifanye. Na bia, watu wamechoka mwaka mzima, mimi nani niwanyime? Ila kama pesa ya kampuni inanunua kreti za bia halafu wa soda anapewa chupa moja, hapo sasa... wacha tu.

Kamati ni yenu, sitawapangia. Uliza kama yule anayewasafishia ofisi amealikwa, na gari la kwanza kurudi linatoka saa ngapi. Na kwani Jumapili mchana ina shida gani? Haya, nimesema sitawapangia.

Mama yako