Jibu: Kujitolea kulinda maji ya ziwa bila kuwa mtaalamu

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu asiyesomea mambo ya maji anaweza kulisaidia ziwa letu, Ziwa Victoria, hapa Mwanza. Anaweza, tena sana. Ila usianzie ufukweni, anzia Mto Mirongo. Unapita katikati ya makazi ya watu, na mvua ikinyesha unazoa kila kilichotupwa mitaroni mpaka ziwani.

Ukitaka kupima uangavu wa maji, tengeneza sahani ya Secchi: duara la sentimita 20, robo mbili nyeusi, mbili nyeupe, lenye uzito chini na kamba iliyotiwa alama za vipimo. Ukiwa kwenye mtumbwi, ishushe mpaka ipotee machoni, kisha andika kina. Rudia palepale, saa ileile, kila wiki. Kipimo cha siku moja hakisemi kitu. Kina hicho kikipungua na maji yakawa ya kijani, mara nyingi ni mwani unaoshibishwa na mbolea na majitaka. Daftari lako lipeleke kwa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi) ya mwalo wenu, au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Na tafadhali, vaa mabuti ya mpira. Kichocho kipo, mimi kimeshanilaza.