Massey 135 inachanganya maji na oili: jua kwanza maji yanapita wapi, hedi baadaye

Mkuu, umesema trekta yako ya Massey Ferguson (MF) 135 iko Mkuranga, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, rejeta inashuka, na fundi ameshakuandikia gasketi ya hedi (karatasi ya kuziba kati ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na bloku) pamoja na oringi za slivu (pete za raba za yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka). Nianze na hizo oringi. Injini ya Perkins AD3.152 iliyomo humo ina slivu kavu: maji yanazunguka ndani ya bloku na hayagusi slivu kabisa. Hakuna oringi ya kubadilisha. Anayekuandikia hivyo pengine amezoea John Deere, ambazo slivu zake zinaguswa na maji moja kwa moja na oringi zake kweli huchoka. Kwako futa hiyo gharama.

Kabla ya kushika spana, hakikisha unachokiona ni maji ya rejeta ndani ya oili ya injini. Kwenye Massey hizi oili ya gia na ya haidroliki ni moja, na mvua huingia kupitia raba iliyochanika ya mkono wa gia. Ikiwa oili yenye rangi ya maziwa iko huko nyuma, injini haihusiki. Pia povu la rangi ya krimu chini ya mfuniko wa kujazia oili si ushahidi peke yake. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, trekta inayowashwa dakika chache kuhamishwa uani kisha ikazimwa hutengeneza povu hilo kwa mvuke tu. Dipstiki safi na rejeta isiyoshuka maana yake hakuna kilichovuja. Na kama oili imepanda lakini ni nyepesi na inanuka dizeli, tafuta pampu ndogo ya mafuta iliyochanika daiframu (raba yake ya ndani), si maji.

Ikithibitika ni maji, usiiwashe tena hovyo. Maji yakikaa juu ya pistoni hayabanwi kama hewa. Ukipiga stata, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda, na hapo bajeti inakuwa nyingine. Jaza rejeta, iache usiku mzima, asubuhi weka chombo safi na ulegeze bolti ya kumwagia oili polepole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia kutoka. Yakitoka mengi wakati injini ililala baridi, njia iko wazi hata bila presha: ufa au kizibo cha chuma cha njia ya maji kilichooza. Yakionekana tu baada ya kazi ya moto, shuku gasketi, au ufa unaofunguka kwa joto.

Kisha toa nozeli (vipulizia dizeli) zote 3 na uzungushe injini kwa mkono kwenye puli ya mbele. Tundu litakalotema maji limekuonyesha silinda. Usiweke uso juu yake.

Tundu zote zikiwa kavu, rudisha nozeli, mwaga oili chafu, weka oili ya bei nafuu na filta mpya, vua feni belti ili pampu ya maji isizunguke, jaza rejeta hadi mdomoni. Washa ikiwa baridi, isizidi dakika moja. Viputo mfululizo vinavyopanda ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji: gasketi au hedi. Kutokuwepo kwa viputo hakuisafishi hedi, maana ufa unaweza kuunganisha maji na njia ya oili bila kugusa silinda.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha presha, na sampu (beseni la oili chini ya injini) ikiwa imefunguliwa na kushushwa. Chukua mfuniko wa zamani wa rejeta, toboa katikati, funga kinywa cha tyubu ya tairi, ziba bomba la kumwagia maji yanayozidi, kisha pampu kwa mkono hadi psi 7, ambayo ndiyo presha ya mfuniko wa trekta hii. Usitumie kompresa ya gereji, utapasua rejeta. Kuhusu sampu: trekta hizi hazina chesisi, injini yenyewe ni mwili, kwa hiyo weka vigingi imara kabla ya kulegeza bolti yoyote. Tandaza boksi safi chini, rudia kupampu kila presha inaposhuka, subiri.

Sasa soma matone. Yakishuka ndani ya silinda kwa kupita kando ya pistoni, maji yanaingia kwa juu: gasketi au hedi. Yakitokea kati ya ukingo wa chini wa slivu na bloku, ukuta wa bloku nyuma ya slivu umepasuka, na gasketi 10 hazitasaidia. Yakishuka upande wa kamshafti, fungua roka kava (mfuniko wa juu ya valvu) umulike tochi huku presha ikiwepo. Huenda ni gasketi karibu na matundu ya fito za roka, huenda ni ufa wa hedi.

Ikiwa hedi lazima itoke, itoke injini ikiwa baridi. Ipeleke ipimwe presha kwenye maji ya moto KABLA ya kusagwa; ni hasara kulipia kusaga hedi yenye ufa. Weka rula ya chuma na fila geji (vibamba vya kupimia upenyo): zaidi ya mm 0.08 kwa upana au mm 0.15 kwa urefu, isagwe. Angalia uso wa bloku pia, watu wengi huusahau. Gasketi pale Gerezani, Dar es Salaam, zipo za kila namna. Nenda na ile ya zamani, linganisha tundu kwa tundu.

Gasketi haiungui yenyewe, injini huwa imepata moto kupita kiasi. Maji ya kisima cha chumvi, kama ya sehemu nyingi za Kigamboni, hutengeneza ukoko kwenye rejeta na kula vizibo vya chuma. Kamata maji ya mvua, changanya na kulanti (dawa ya rejeta).

Baada ya kufunga, oili ya kwanza na filta ni za kusuuza: injini ipate moto bila mzigo, mwaga, rudia hadi itoke bila ukungu. Injini inachukua karibu lita 7 kila mara, panga bajeti. Ila kabla ya kurudisha sampu, fungua kofia moja ya beringi ya konrodi. Ukiona rangi ya shaba, badilisha beringi zote. Hedi ikazwe tena baada ya injini kupata moto wa kwanza, kisha valvu ziwekwe mm 0.30 ikiwa baridi.

Ukishapima, tuwekee hapa matone yametokea upande gani, na picha ya gasketi ya zamani kama hedi imetoka.