Karatasi ya umaskini itafutwe ukiwa mzima

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukitaka karatasi ya umaskini, ile ya kuombea hospitali ikupunguzie malipo, karani hakuulizi unapata dola ngapi kwa mwezi ili akuhesabu kuwa maskini. Na hata angeuliza, mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza soko la Kadutu angemwonyesha nini? Karatasi ya mshahara hana. Leo ameuza, kesho mvua imemrudisha na beseni lake. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda kwa miaka mingi iligawa kaya kwa madaraja ya kipato yaliyoitwa Ubudehe, na wa daraja la chini kabisa serikali iliwalipia faranga 2,000 za bima ya afya kwa kila kichwa. Kwetu umaskini wako unashuhudiwa na watu: shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), wale reko, wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, na ofisi ya mambo ya jamii kwenye komine, yaani manispaa.

Nimesindikiza majirani katika njia hiyo, kwenye komine za Kadutu na Bagira, na ninawasihi: ianzeni kabla hamjaugua. Mgonjwa akishalazwa, hospitali ina fakture (hesabu ya malipo) mkononi na ninyi mna maneno tu. Kila aliyekwama anasema hana kitu. Mhasibu atamjuaje anayesema kweli? Ndiyo maana utakuta mama amepona, kichanga kiko mgongoni, lakini hawaachiliwi kwa sababu ya deni, na kila siku wanayobaki deni linapanda. Jambo hili linaniuma sana.

Mjane mmoja wa avenyu yetu aliandikwa mapema. Reko alikaa naye, akauliza: nyumba ni yako au unapanga? Wangapi wanakutegemea? Mnakula mara ngapi kwa siku? Nani anakutumia makuta (pesa)? Kuna waliomshauri amfiche shemeji yake wa Lubumbashi anayemtumia kidogo mara moja moja. Alimtaja, akafanya vizuri. Avenyu nzima inamjua shemeji huyo, na jina likipingwa mbele ya kamati inayopitia majina ya maskini linaondolewa. Mwanawe alipohitaji kupasuliwa henia, shefu alitia sahihi karatasi siku ileile, na hospitali ikapunguza fakture. Haikuifuta yote, lakini mtoto alirudi nyumbani.

Ukienda komine, beba kadi ya mpigakura, majina ya watoto na barua ya shefu. Uliza kwanza karatasi inalipiwa kiasi gani, kisha udai risiti.

Yapo pia matunzo yasiyotazama mfuko wa mtu hata kidogo. Chanjo za watoto, dawa za kifua kikuu na dawa za virusi vya ukimwi ni za bure kwa tajiri na kwa maskini, usikubali kuuziwa. Uzazi wa bure ulianzia Kinshasa Septemba 2023 na unapanuliwa mkoa kwa mkoa, kwa hospitali zilizoingia katika mpango tu. Basi mama mwenye mimba aulize kliniki anakopimwa kama wamo, asingoje uchungu umkute mlangoni.

Kwa yule asiye maskini wa kutupwa lakini asiyeweza kubeba fakture ya upasuaji, na hao ndio wengi wetu, ninapendekeza mutueli ya afya, yaani chama cha watu wanaochangia sanduku moja la matibabu. Sheria ya Februari 2017 inazitambua. Unalipa kwa kila kichwa kwa mwaka, na kwa kawaida watataka familia nzima iandikwe, maana wakipokea wagonjwa peke yao sanduku litakauka. Baada ya kulipa kuna muda wa kungoja kabla ya kuanza kutibiwa. Lazima upitie kituo chako cha afya upewe karatasi ya kukutuma hospitali. Ukikimbilia hospitali moja kwa moja, utalipa mwenyewe. Sehemu fulani ya gharama inabaki kwako hata hivyo, kwa hiyo uliza ni sehemu gani na magonjwa yapi hayamo. Uliza pia siku ya mwisho ya kuandikisha, kwani mutueli nyingi hupokea watu kwa kipindi maalumu, kisha hufunga daftari mpaka mwaka mwingine.